Maji ya ubongo yakijaa, damu hupungua: majibu kwa wanaowauguza wazee

Maswali ya wiki hii yanahusu kichwa maji chenye presha ya kawaida, ugonjwa unaowapata zaidi watu waliovuka miaka 60, ambapo vyumba vya ubongo, yaani nafasi za ndani zinazohifadhi maji, hutanuka ingawa presha ya maji, ikipimwa, huonekana haina tatizo.

Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 71. Anatembea kwa kuburuta nyayo, mkojo humtoka kabla hajafika chooni, na amekuwa msahaulifu. CT scan imeonyesha maji mengi kichwani, na tumeambiwa pia kwamba damu haifiki vizuri kwenye ubongo. Maji na damu vinahusianaje? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Dalili hizo tatu ndizo alizozieleza Salomón Hakim, daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Bogotá, Kolombia, aliyeandika kuhusu ugonjwa huu mwaka 1965 pamoja na Raymond Adams na wenzao. Mwili hutengeneza takriban mililita 500 za maji ya ubongo kila siku, ilhali yaliyomo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu, kwa hiyo ni lazima yafyonzwe mfululizo na kurudi kwenye damu. Ufyonzwaji ukizorota, vyumba hutanuka taratibu na kuibana nyama ya ubongo iliyo kandokando yake. Mishipa myembamba ya eneo hilo, ambayo hupata damu ikiwa mwishoni kama nyumba za mwisho kwenye bomba la mtaa, ndiyo huathirika mapema. Vipimo vya PET, yaani picha zinazoonyesha jinsi damu inavyotiririka, vilivyofanyika Cambridge, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2004 vilionyesha kwamba damu hupungua zaidi karibu kabisa na kuta za vyumba, kisha hali huwa afadhali kadiri unavyosogea mbali nazo. Sehemu ya mbele ya ubongo nayo hupungukiwa, na kwa kuwa huko ndiko hatua za miguu na uwezo wa kuzuia mkojo hupangwa, si ajabu kwamba mama alianza kuyumba kabla hajaanza kusahau. Tafadhali msikubali kuambiwa kwamba huo ni uzee tu.

Mzee wetu ana presha ya kupanda kwa miaka mingi. Je, damu kutofika vizuri kwenye ubongo ndiko kulikomletea maji? (Msomaji, Mombasa)

Wataalamu hawajaafikiana, nami naona ubishi huo una sababu, kwani mambo hayo mawili huchocheana. Presha ya muda mrefu hukakamaza mishipa midogo, na ni kweli kwamba wagonjwa wengi wa aina hii wana presha au kisukari. Kwa upande mwingine, maji yakiondolewa, wapo ambao damu inayofika kwenye ubongo wao huongezeka, jambo linaloonyesha kwamba maji yenyewe yalikuwa yanaibana. Dawa za presha aendelee nazo vyovyote iwavyo.

Tumeshauriwa kupima mtiririko wa damu ya ubongo kwa gharama kubwa. Kipimo hicho ni cha lazima? (Msomaji, Arusha)

Si cha lazima. Damu hupungua pia katika ugonjwa wa Alzheimer na kwa wenye mishipa iliyoharibika, kwa hiyo picha hiyo peke yake haimtambulishi kwa uhakika mgonjwa atakayenufaika na upasuaji wa kuwekewa mrija wa kutoa maji. Ningetanguliza kipimo cha kutoa maji mgongoni. Mgonjwa hutembea umbali uliopimwa, kwa mfano mita 10, huku hatua na sekunde zikihesabiwa na namna anavyogeuka ikiangaliwa; kisha hutolewa mililita 30 hadi 50 za maji na kutembezwa tena saa chache baadaye. Aliyehitaji hatua nyingi fupifupi ili ageuke, akigeuka kwa hatua chache, ametupa habari yenye uzito. Hata hivyo, asiyebadilika siku hiyo asikatiwe tamaa, kwa sababu baadhi yao hupata nafuu baada ya upasuaji.

Akiwekewa mrija wa kupeleka maji tumboni, damu itarudi kama zamani? (Msomaji, Kigoma)

Kwa baadhi huongezeka, hasa wale ambao mwendo wao unaimarika, lakini si kwa wote, na kumbukumbu hurudi kwa shida kuliko mwendo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 uliwapa wagonjwa 99 mirija, na takriban nusu ya mirija hiyo ilirekebishwa isitoe maji ya kutosha, ili kulinganisha. Baada ya miezi 3, wale ambao mirija yao ilitoa maji waliongeza kasi ya kutembea kwa wastani wa mita 0.23 kwa sekunde, na wenzao mita 0.03. Kuchelewa hupunguza nafasi ya kunufaika.

Baba anatumia aspirini na karibu anafanyiwa upasuaji. Aiache? (Msomaji, Bujumbura)

Asiiache kwa uamuzi wenu. Mwelezeni daktari wa upasuaji mapema, kwa sababu mrija ukitoa maji kupita kiasi damu inaweza kuvuja kati ya ubongo na fuvu, na dawa hiyo huongeza hatari hiyo, ilhali kuiacha ghafla kunaweza kuwa hatari kwa mwenye moyo mgonjwa au aliyewahi kupata kiharusi. Baada ya upasuaji, maumivu mapya ya kichwa au usingizi usio wa kawaida ni sababu ya kumrudisha hospitali siku hiyohiyo.