Hesabu betri kabla ya kompyuta

Wadogo zetu mnaoanza kufunga kompyuta za umeme wa jua mashuleni, pwani ya Tanga, Mkinga hadi Pangani: bidii mnayo, lakini betri mnaziua. Kosa hilo hilo sisi tuliotangulia tulilifanya, na linauma kuliona tena.

1. Hesabu wati-saa, yaani wati mara saa za matumizi, si wati peke yake. Kompyuta mpakato 10 za wati 30, kwa saa 3, ni 900. Projekta ya wati 250 saa moja, seva (kompyuta ndogo inayohifadhi masomo) ya wati 10 saa 3: jumla 1,180. Inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, nayo inakula chake. Gawanya kwa 0.85, unapata karibu 1,390. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, inabeba 1,200, na hapo ndipo mnapoteleza, maana ikipakuliwa zaidi ya nusu kila siku haidumu. Chako ni 600 tu. Siku ya wingu zinatakiwa betri tatu. Kwa mfumo wa volti 24, nne, kwani zinafungwa mbilimbili. Ninyi mnafunga mbili wakati wa kiangazi. Mchana jua linabeba mzigo, mwalimu mkuu anafurahi, mnaaga. Masika yanaingia, simu za walimu zinachajiwa usiku kucha, betri zinashinda tupu wiki nzima. Bamba za ndani zinashika salfati, ule ukoko unaozuia betri kushika chaji. Ikifika Juni, inveta inalia kabla kipindi hakijafika nusu. Kisha mnaongeza betri moja mpya kando ya zile chakavu! Jamani, zile kuukuu zitaivuta hiyo mpya mpaka nayo ife, na watoto watabaki kuchungulia mashine dirishani.

2. Maji ya kuongeza kwenye betri ni yale yaliyokenekwa (distilled), ya chupa, si ya kunywa. Kisima cha pwani kina chumvi.

3. Paneli zielekee kaskazini, mwinamo nyuzi 10 hadi 15, mvua izioshe.

4. Hewa ya bahari inakula shaba: paka grisi kila kiungio, rudi ukaze.

5. Seva ya Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti, ipakieni masomo mjini, mkifuata mtaala wa Taasisi ya Elimu. Video nyingi ni za Kiingereza, na shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili. Chagueni moja moja. Ukichomoa waya seva ikiwa inaandika, kadi yake ya kumbukumbu inaharibika. Mwalimu ajue kuizima kwa amri, na muachie kadi ya pili iliyonakiliwa. Tena wafundisheni walimu wawili, kila mmoja na ufunguo wake, maana mmoja akihamishiwa Lushoto chumba kinafungwa.