Majilio, kitubio na pesa za kikoba

Dominika ya kwanza ya Majilio, majuma ya kujiandaa kwa Noeli, huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, na ikikaribia tu maswali yenu yanabadilika: mambo ya uchumba yanapungua, ya dhamiri yanaongezeka. Leo nimechukua manne.

*Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Noeli ni furaha. Kwa nini mnavaa zambarau na kutuhimiza toba kana kwamba ni Kwaresima?*

Milele amina. Tofauti ipo, mwanangu, tega sikio Misani. "Utukufu kwa Mungu juu" hauimbwi Dominika za Majilio, lakini Aleluya inabaki, ilhali wakati wa Kwaresima haiimbwi kabisa. Dominika ya tatu tunaruhusiwa hata kuvaa rangi ya waridi, maana ni Dominika ya kufurahi. Ila Dominika ya pili na hiyo ya tatu, Injili inatuletea Yohane Mbatizaji, na huyo habembelezi mtu: "Tubuni, kwa maana ufalme wa mbinguni umekaribia" (Mt 3:2). Kanisa limemweka hapo makusudi. Anayekwenda horini anapita kwanza kwake.

*Je, kufunga ni lazima?*

La. Kwetu Wakatoliki wa mapokeo ya Kilatini hakuna sheria ya kufunga Majilio. Waorthodoksi ndio wenye mfungo wa siku 40 kuanzia 15 Novemba. Ukipenda kufunga, funga, lakini ulichojinyima kimfikie mwenye njaa, kisikae kabatini kikingoja pilau ya Noeli.

*Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama. Mwezi Mei nilichukua shilingi 180,000 nikalipa ada ya mtoto, daftari nikaliweka sawa. Hakuna anayejua. Nimeshaungama, mbona moyo bado mzito?*

Dada yangu, kama uliungama kwa majuto ya kweli umesamehewa. Usiirudie dhambi ileile kila ukipiga magoti, kama mtu anayelipa riba. Lakini maondoleo hayajazi sanduku la kikoba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inasema dhambi nyingi humdhuru jirani, na mwenye kutubu anapaswa kufanya awezalo kurekebisha madhara, ikiwemo kurudisha alichoiba. Na vikoba vingi huvunjwa Desemba. Bila shaka na chenu pia. Maana yake ndani ya wiki hizihizi za Majilio kila mama atahesabiwa gawio lake, na lote litakuwa pungufu, la mjane likiwemo.

Makutano walipomwuliza Yohane, "Tufanye nini basi?", hakuwapa sala ya kukariri. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru wasizidishe kiwango. Askari watosheke na mshahara wao (Lk 3:10-14). Kila mmoja aliguswa palepale mkono wake ulipozoea kuteleza, na wako ulitelezea kwenye sanduku. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Wewe anza na hiyo 180,000. Huna zote? Peleka 20,000 wiki hii, nyingine baadaye.

Hulazimiki kusimama mbele ya wenzako ukajitangaze. Unaweza kurudisha kimyakimya, hata kwa mkono wa padre bila jina lako kutajwa. Siri ya kitubio inamfunga mdomo (Sheria za Kanisa, Kanuni 983). Na ushauri wangu binafsi, ambao si sheria: mwakani usigombee tena uweka hazina.

*Miaka 14 sijaungama. Sala ya kutubu nimeisahau, na katekista aliyenifundisha alishafariki. Naona aibu.*

Ingia useme hivyohivyo: "Padre, ni miaka 14, na sala nimesahau." Atakuongoza, ndiyo kazi yake. Dhambi za mauti zitaje kwa aina, na mara ngapi kadiri unavyokumbuka. Kanuni 989 inataka ziungamwe angalau mara moja kwa mwaka, lakini usianze kupiga hesabu ya miaka uliyokosa.

Tafadhali usije tarehe 24 jioni. Siku hiyo padre ana foleni, ana vigango vinamsubiri, na kwaya inafanya mazoezi ya mwisho sikioni mwake. Muulize katekista leo padre anafika lini kigangoni kwenu, uje katika wiki mbili za mwanzo. Na ukikuta bibi aliye mbele yako amekaa dakika ishirini kwenye kiungamio, vumilia. Mara nyingi anaungama dhambi za mkwewe.