Re: Homa ya mgunda ilitoka wapi ghafla?
Mkuu, homa ya mgunda (leptospirosis, ugonjwa wa bakteria) haikutoka ghafla. Kabla ya mlipuko wa Ruangwa, Lindi, Julai 2022, ilikuwa imejificha nyuma ya malaria. Wagonjwa wa homa waliolazwa Moshi 2007–2008, zaidi ya nusu waliandikiwa malaria. Vipimo vikaikuta malaria kwa asilimia 1.6 tu ya wagonjwa hao. Mgunda ilikuwa asilimia 8.8 ya waliopimwa! Zahanati nyingi hazina kipimo chake, na ajabu, haimo hata kwenye orodha ya WHO ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Bakteria hutoka kwenye mkojo wa panya na mifugo, huingia kupitia michubuko, kwa hiyo wakulima wa mpunga na wachinjaji ndio huumia zaidi. Ukipata homa baada ya kukanyaga maji machafu, mweleze daktari hivyo. Antibayotiki kama doksisaiklini huitibu, ikiwahiwa.