Kabla hujamlaumu jirani kwa maji ya kisima chako

Mimi nilishanuniana na jirani miezi kadhaa kisa maji. Nilichimba kisima kule Pongwe, hapa Tanga, maji yakatoka angavu kabisa, lakini sabuni haitoi povu na birika linaota ukoko mweupe ndani, nikajisemea hapa ni choo cha jirani tu, si kiko hapo hapo? Nikamfuata nikamwambia. Kuja kupeleka maabara, nitreti, ile inayotoka kwenye vinyesi na mbolea, kidogo sana, vimelea hakuna, ila chokaa ya kumwaga. Yaani ingekuwa choo, nitreti ndo ingepanda. Ule upande umekalia jiwe la chokaa, kama lile la mapango ya Amboni, na maji ya mvua yakipita kwenye udongo yanabeba hewa ya ukaa, yanalitafuna jiwe taratibu mpaka yanakufikia yameshalibeba. Hayo ndo maji yake ya asili, sawa na zile chemchemi za Galanos zinavyonuka kibiriti, nani kaenda kutia kibiriti pale? Jirani nilimpelekea embe, akanicheka sana.

Sasa kisima cha mama pale Sahare ni kesi nyingine. Kilipimwa mara moja tu siku kinachimbwa, majibu mazuri, cheti tukabandika ukutani tukatulia. Kiangazi kimoja chai ikaanza kuwa na chumvi. Pwani huku maji baridi yanaelea juu ya maji ya bahari, na hesabu yake inatisha kidogo: kila mita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari inazuia chumvi kama mita 40 kwenda chini, kwa hiyo mkivuta pampu usiku na mchana mkashusha maji mita moja tu, chumvi nayo taratibu inapanda kuwafuata. Cheti cha ukutani hakijui hayo.

Ushauri wangu basi, pima kisima kile kile, mwisho wa kiangazi na baada ya masika, kila mwaka. Chota kabla maji hayajaingia kwenye tanki, acha pampu ikimbie mpaka namba ya kwenye kimashine cha kupimia chumvi itulie, maana maji yaliyolala kwenye bomba sio maji ya ardhini. Joto, pH (uchachu wa maji) na mikrosimensi (namba ya chumvichumvi zilizoyeyuka) soma pale pale, usibebe chupa ukapime kesho. Maabara waulize kloraidi (ya chumvi ya bahari), nitreti, ugumu (ile chokaa), na floraidi pia, ile ya meno ya kahawia, hata kama sisi sio Arusha, WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Na andika kwenye daftari jamani, tarehe na kina cha maji, kichwa kinasahau.

Sie tumeanza kupima hivyo visima vichache kutoka ufukweni kuelekea Pongwe. Raskazone bado hatuna hata kimoja, na huko ndo ningetaka kuona namba zaidi.