Maswali Yenu: Mnara wa Hrelyo Katika Monasteri ya Rila

Wiki iliyopita niligusia mnara wa Hrelyo, ngome ya mawe iliyopo katikati ya ua wa monasteri ya Rila, milimani kusini mwa Sofia, Bulgaria. Haya ndiyo maswali yaliyojirudia zaidi.

Mtawa na ngome wapi na wapi? Si ameukimbia ulimwengu?

Ameukimbia, lakini ulimwengu ulimfuata na panga mkononi. Monasteri ya karne ya 14 ilikuwa na vyombo vya dhahabu na fedha, vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono, ghala la chakula na hati za mashamba. Wanyang'anyi walilijua hilo. Kule Athos, mlima wa monasteri huko Ugiriki, mamluki wa Kikatalani (kutoka Hispania) waliwaandama watawa kati ya 1307 na 1309. Wala si habari ya Ulaya tu: watawa wa Kikopti (Wakristo wa Misri) wa Wadi Natrun walikuwa na minara ya kukimbilia karne nyingi kabla, yenye daraja la kuinua na kanisa dogo la Malaika Mikaeli juu kabisa.

Aliujenga nani? Na mbona wengine wanasema 1334, wengine 1335?

Aliujenga Hrelyo, mtawala wa eneo hilo mwenye cheo cha protosebastos, cheo cha juu cha Byzantium, dola ya Kigiriki ya Konstantinopoli. Maandishi ya matofali ukutani yanasema aliujenga kwa taabu na gharama kubwa, kwa ajili ya Mtakatifu Ivan wa Rila, mwanzilishi wa monasteri, na Mama wa Mungu, zama za mfalme Stefan Dušan wa Serbia. Mwaka uliotajwa ni 6843, yaani tangu kuumbwa kwa dunia, na mwaka huo ulianza Septemba 1334 ukaisha Agosti 1335. Basi wote wako sawa.

Mimi namtazama Hrelyo kwa jicho la siasa. Alimtumikia Dušan, akaegemea Byzantium, na vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipozuka huko akawa kwa muda upande wa Kantakouzenos, mmoja wa waliogombea madaraka. Mtu wa kubadilisha kambi namna hiyo anapojenga mnara wa kuta nene kiasi hiki, sadaka ni sadaka, ila na yeye mwenyewe kajitafutia pa kujificha.

Kweli mtu angeweza kuishi mle, au ilikuwa stoo tu?

Aliweza, ingawa kwa kubanana. Mnara una urefu wa takribani mita 23, na juu ya chumba cha chini zimepandana orofa tano. Mlango wa asili haukuwa usawa wa ardhi: mtu aliufikia kwa ngazi ya mbao, na adui akionekana ngazi inavutwa ndani. Toka hapo, ngazi za kwenda juu zinapita ndani ya unene wa ukuta wenyewe. Kwa nje, nguzo za kuegemeza zimeunganishwa kwa matao huko juu, na mshambuliaji aliyefika chini yake angeweza kuangushiwa mawe kichwani.

Orofa ya juu ni kanisa dogo la Kugeuka Sura kwa Bwana, na baadhi ya michoro yake ya karne ya 14 bado ipo. Ninayoipenda zaidi ni ya zaburi za mwisho: wapiga ala, na watu wameshikana mikono wakicheza ngoma ya duara. Ndani ya ngome, tena!

Ni kweli Hrelyo alinyongwa humo humo?

Ndivyo inavyosimuliwa. Lililo wazi ni kwamba mwishoni alivaa joho la utawa, akaitwa Hariton, akafariki Desemba 1342. Jiwe lake la kaburi limehifadhiwa Rila. Kunyongwa kunawezekana, maana maadui hakukosa, lakini mimi siwezi kukuapia. Waimbaji wa tenzi za Waserbia walimfanyia zaidi: kwao Hrelyo ni Relja mwenye mabawa.

Nimeona picha. Mbona majengo mengine yanaonekana mapya?

Moto wa 1833 uliteketeza makazi ya watawa, na ujenzi upya ukaanza mwaka uliofuata. Kanisa kuu la sasa ni la miaka hiyo. Lile la zamani alilolijenga Hrelyo lilibomolewa kulipisha. Mnara wa mawe ulipona, na mwaka 1844 ukabandikwa mnara wa kengele ubavuni. Ukizitazama tena picha zako, hilo jengo fupi lililoegemea mnara ndilo lenyewe.