Semi inakunywa maji na chini hakuna tone: hedi isifunguliwe kwanza

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Kichwa cha semi yako, cha injini ya silinda sita, kinapoteza lita tano za maji hivi kati ya Tunduma na Makambako, chini hakuna hata tone, mshale wa joto haujawahi kugusa nyekundu, na fundi anasema gasketi ya silinda hedi (kizibio kati ya hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, na bloku) imekufa, lete hela afungue. Subiri kwanza nikusimulie, maana hukumu hiyo mimi nilishailipia.

Miaka sita iliyopita nilikuwa napandisha mbolea kutoka Dar, tani 28. Ruaha Mbuyuni tulijaza maji mpaka juu. Katikati ya mlima wa Kitonga, kule ambako pa kuegesha hakuna, taa ya maji ikawaka. Tukavizia sehemu yenye upana kidogo, utingo akatia mawe kwenye matairi, akakata matawi akayapanga nyuma, tukakaa. Tanki la akiba la maji lilikuwa linanguruma kama sufuria ya maharage. Kijana akanyoosha mkono afungue kifuniko, nikamdaka. Utingo wa kabla yake hakudakwa, na kovu lake linaanzia kiganjani linaishia kwenye kiwiko. Minya mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa: kama bado mgumu, kaa chini uendelee kusubiri.

Nilipofika Iringa, fundi aliona mapovu kwenye tanki akatamka neno lile lile la fundi wako. Hedi zikashushwa, zikapelekwa kusawazishwa, zikafungwa gasketi mpya. Siku nne, milioni moja na laki nane. Niliendesha kwa amani mpaka Igawa. Pale nikakuta maji yameshuka tena vidole vinne.

Kulikuwa na dereva mmoja mtu mzima ameegesha jirani. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakuuliza habari za hedi kabisa. Akasema, "Mwanangu, mitungi ya upepo wa breki umeimwaga lini?" Kusema kweli sikukumbuka. Nikaingia chini ya gari, nikavuta kamba ya mtungi wa kwanza nikitegemea upepo na vile vimatone vyeusi vya oili. Yakaja maji ya kijani, karibu kikombe kizima, ukiyasugua kwenye vidole yanateleza. Ilikuwa kulanti yangu (maji ya dawa ya kupozea injini) niliyoinunua Dar, imehamia kwenye breki.

Kompresa inayojaza upepo wa breki kwenye magari mengi makubwa inapozwa na maji ya injini. Ina kihedi chake kidogo, na humo upepo na maji vimetenganishwa na gasketi nyembamba tu. Ikipasuka, kompresa ikiwa inajaza, upepo unasukumwa ndani ya maji. Tanki linavimba, na mlimani linatema kupitia kifuniko. Tone chini hulioni kwa sababu yanatemwa barabarani ukiwa unatembea, yanakaukia kwenye chasi. Ukizima injini mambo yanageuka: maji yananyonyokea kwenye kompresa, asubuhi yanasukumwa pamoja na upepo kwenda kwenye draya (kikausha upepo) na mitungi. Fundi wangu hakudanganya, mapovu aliyaona kweli. Hakuuliza tu yanatoka wapi.

Kupima ni bure. Gari ikiwa imelala usiku kucha, fungua kifuniko, jaza maji, mwaga mitungi yote mpaka geji ya upepo isome sifuri, kisha washa. Utingo akae anaangalia tanki. Mapovu yakija wakati geji inapanda, halafu yakakatika gavana (valvu inayoisimamisha kompresa upepo ukijaa) inapokata na draya kupiga ule mlio wa "psii", kompresa ndiyo mwizi. Kanyaga breki mara kadhaa upepo ushuke mpaka kompresa ianze kujaza tena. Mapovu nayo yatarudi. Mimi nilirudia mara tatu pale Igawa, kila "psii" ikipiga maji yanatulia kama ya kisimani. Hedi haina habari na gavana. Gasketi ya hedi ikiwa mbovu, upepo ukiwa umejaa au haujajaa, mapovu yanaendelea tu, na ukikanyaga mafuta yanaongezeka.

Angalia pia mdomo wa draya chini: ukikuta umelowa rangi ya kulanti, umeshapata jibu. Hapo usiingie tena barabarani na mzigo. Kupungua kwa maji kunavumilika, lakini maji kwenye valvu za breki wakati unashuka mteremko wa Inyala ni habari nyingine kabisa. Gasketi za kompresa yangu zilinigharimu laki moja na ishirini pamoja na ufundi.

Sasa, mapovu yasipokatika? Hapo fundi wako anaweza kuwa sahihi, ila bado kuna maswali. Kwenye baadhi ya injini, kikombe cha shaba kinachoshika nozeli (inayopulizia mafuta kwenye silinda) kikilegea kinapitisha gesi kwenye maji vilevile kama gasketi, na kazi yake ni ndogo kuliko kushusha hedi.

Na kama hakuna mapovu kabisa, tafuta kwingine. Amka saa kumi na moja alfajiri kabla hujawasha. Kwa baridi ya Mafinga au Makambako mpira na klipu vinasinyaa, na kinachovuja ni kile ambacho mchana kimebana vizuri. Piga tochi kwenye kitundu cha chini cha pampu ya maji. Ukoga mkavu mweupe au wa kijani una maana sili inavuja ikiwa moto na maji yanakauka kabla hayajadondoka. Gusa kapeti ya kebini upande wa abiria, hita nayo huvuja. Chomoa stiki ya oili: ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Gari ikilala, legeza nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) taratibu, maji ni mazito kuliko oili kwa hiyo yatatangulia. Hapo mtuhumiwa ni oringi za laina (mtungi wa chuma ambamo pistoni inapanda na kushuka), laina iliyotoboka, au kipoza oili. Kipoza oili kikitoboka, mara nyingi utakuta na oili inaelea kwenye tanki la maji, maana injini ikiwaka presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji.

Ila usihukumu kwa ute mweupe kidogo chini ya kifuniko cha oili, wala kwa moshi mweupe wa asubuhi. Mwezi wa sita pale Uyole kila gari inatoa moshi mweupe, hata iliyotoka dukani. Moshi wa kuogopa ni ule unaoendelea injini ikiwa imeshapata moto na una harufu ya utamu.

Kifuniko cha tanki la maji kibadilishe hata leo. Mbeya tuko kama mita 1,700, maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kifuniko kizima kinashika presha, maji yakachemka juu ya 110. Kikichoka, mlima mmoja tu na maji yanatoka kama mvuke, nawe unabaki kutafuta tone ambalo halipo.

Na hii tabia ya utingo kuchota mtoni kila kituo, mimi mwenyewe niliiacha kwa shida. Kulanti si ya baridi ya Makete peke yake. Dawa iliyomo ndiyo inayolinda laina zisiliwe vitundu upande wa maji. Ukiongeza lita tano za maji ya mto kila safari, baada ya mwezi kilichobaki ndani ni mto. Ile dawa ya kuziba rejeta wanayouza kwenye vichupa usiitie, inaziba njia nyembamba za kipoza oili na hita kabla haijafika kwenye tundu lako.

Anza na mitungi ya upepo kesho asubuhi. Ukikuta maji ya rangi, hata picha usinitumie, mwambie fundi aweke spana za hedi pembeni afungue kompresa. Ukikuta mitungi haina maji ya rangi na mapovu hayakatiki, rudi hapa uandike injini ni ya aina gani, tuzungumze habari za nozeli.