Ukitaka bendi yenu idumu, wachunguzeni Rolling Stones

Nimepiga gitaa la rhythm kwenye bendi za dansi hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na vijana wanaoanzisha bendi hunifuata kuniuliza mambo ya vyombo: wanunue spika gani, gitaa la aina gani, mikisa ya chaneli ngapi. Hayo yana majibu mepesi. Wasichouliza ni jinsi ya kukaa pamoja, na hapo ndipo bendi zinapofia. Nimeona bendi zenye vyombo vipya kabisa zikisambaratika kabla ya kurekodi wimbo wa pili. Kwa hiyo kijana akinijia sasa, namwambia kabla hajanunua hata waya mmoja aisome historia ya Rolling Stones, bendi ya rock ya Uingereza.

Walipanda jukwaani kwa jina hilo mara ya kwanza Julai 1962, klabu ya Marquee, London. Mwimbaji Mick Jagger na mpiga gitaa Keith Richards walifahamiana tangu shule ya msingi kule Dartford, wakapotezana, wakakutana tena kituo cha treni mwaka 1961, Jagger akiwa na santuri za Chuck Berry na Muddy Waters mkononi. Oktoba 2023 walitoa albamu ya nyimbo mpya, Hackney Diamonds, Jagger akiwa ameshatimiza miaka 80. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna vifo, kesi za dawa za kulevya, maneno makali magazetini na watu waliofungasha virago. Msidhani walidumu kwa kupendana. Walidumu kwa sababu kila mmoja alijua kazi yake na wenzake wakamwachia aifanye, na kwa sababu, baada ya kuumizwa, waliacha kuchezea hesabu.

Hela kwanza. Katika miaka ya 1960 meneja wao alikuwa Mmarekani Allen Klein. Walipotaka kuachana naye ndipo wakagundua kwamba haki za nyimbo na rekodi zao za miaka ile zimo mikononi mwa kampuni yake. Nyimbo zilizowapa jina duniani! Wakaanzisha lebo yao wenyewe, na hesabu wakamkabidhi mtu wa benki, Rupert Loewenstein, ambaye muziki wa rock wala haukuwa muziki wake. Alibaki nao mpaka 2007. Nawasihi: anayeshika hesabu zenu asiwe shabiki wenu mkubwa. Awe mtu anayejua hesabu.

Ndani ya bendi nako kulikuwa na jambo. Mwanzoni, wimbo uliotungwa na wote waliuandika kwa jina la kubuni, Nanker Phelge, na mapato yakawa ya wote. Baadaye karibu kila kitu kikawa cha Jagger na Richards. Mick Taylor, mpiga gitaa fundi aliyeingia 1969, aliondoka mwishoni mwa 1974, na miaka ya baadaye alilalamika kwamba kuna nyimbo alizochangia bila jina lake kuandikwa.

Nimeyaona hayohayo kwetu. Bendi moja niliyopigia ilikuwa na wimbo ulioombwa kila shoo. Maneno yalikuwa ya mwimbaji, lakini lile sebene lililowainua watu vitini lilitoka vidoleni mwa mpiga solo. Mwimbaji akausajili wimbo peke yake. Mpiga solo hakugombana na mtu. Alikuja mazoezini kama kawaida, akapiga, akakunja waya wake, na mwezi uliofuata tukasikia yuko bendi nyingine. Tulijaribu kumweka mtu mwingine kwenye sebene lile, na wateja wakawa wanabaki vitini. Tangu hapo, popote ninapopiga nataka daftari: kila wimbo mpya, jioni ileile uliotoka, panaandikwa nani kaleta maneno, nani sauti, nani mapigo, na wote wanasaini kabla haujapelekwa COSOTA, kwenye ofisi ya hakimiliki. Fanyeni hivyo wakati wimbo haujaingiza hata senti. Ukishaanza kuingiza, hakuna atakayekumbuka sawa na mwenzake.

Sasa tuje kwenye upigaji wenyewe, maana humo kuna somo ninalolipenda kuliko yote. Mtazameni Charlie Watts, mpiga drams wao tangu Januari 1963. Kwenye pigo la pili na la nne, mkono wake wa kulia unainuka na kuiacha hai-hati, yale matoazi mawili yanayobanwa kwa mguu, ikiwa kimya, na fimbo ya kushoto inatua peke yake kwenye sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Sneya inasikika safi, haina kitu kinachoigombania nafasi. Mpiga drams wetu alijaribu mtindo huo mazoezini na mimi niliusikia mara moja kwenye gitaa langu: nilipata pa kupumulia. Richards naye kwa nyimbo nyingi huondoa kabisa uzi mnene wa juu, akapiga nyuzi tano zilizotuniwa G, yaani zikipigwa bila kubanwa zinatoa kord ya G. Na gitaa lake na la Ronnie Wood, aliyeingia 1975, husukana kiasi kwamba hujui nani anaongoza. Sisi wa dansi tumelelewa kwenye kusukana huko, solo na second solo na rhythm, kwa hiyo hatuna kisingizio cha kupiga kila mtu kwa fujo yake. Kipindi kimoja cha mazoezi kila wiki kiwe cha kupunguza tu: kila mmoja atafute pigo la kuacha.

Rekodini mazoezi yote, hata kwa simu, na msifute. Albamu yao Tattoo You ya 1981 sehemu kubwa ni viporo vya miaka ya nyuma. Wimbo unaoifungua waliwahi kuujaribu kwa mapigo ya rege, wakautupa kabatini.

Halafu ugomvi. Katikati ya miaka ya 1980 Jagger na Richards walikuwa hawaivi. Jagger alitoa albamu yake binafsi 1985, na bendi haikufanya ziara kati ya 1982 na 1989. Lakini hawakutangaza kwamba imevunjika. Mwanzoni mwa 1989 wakakutana Barbados, wakaandika nyimbo, wakarudi barabarani. Watts naye miaka yote alikuwa na vikundi vyake vya jazi, na hakuna aliyemzuia. Mwenzenu akitaka kupiga harusi au kwaya siku ambayo hamna kazi, mwacheni aende.

Kuna jambo lao moja sikubaliani nalo mpaka leo. Ian Stewart, mpiga piano aliyekuwepo tangu mwanzo, aliondolewa kwenye safu mwaka 1963 kwa kuwa meneja wa wakati huo aliona sura yake haifai. Akakubali kuendesha gari la vyombo na kuendelea kuwapigia piano, hadi alipofariki Desemba 1985. Msimfanyie hivyo mtu yeyote kwa ajili ya picha.

Watts alifariki Agosti 2021. Mwezi uliofuata ziara ikaanza St. Louis, Steve Jordan akiwa kwenye drams, na Watts mwenyewe alikuwa ameridhia hivyo alipokuwa mgonjwa. Ulizaneni wiki hii: mpiga bezi wenu akilazwa Ijumaa, Jumamosi anapiga nani? Kama hamna jina, mchagueni kijana, mpeni rekodi za nyimbo zote, na muwe mnampa nyimbo mbili jukwaani kila shoo huku mpiga bezi mwenyewe akiwa hapohapo pembeni akimsikiliza. Na muwe mnamlipa.